Mtoto Anapiga Nani Katika Kompyuta?



Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi mara kwa mara. Mtoto anashinda mbele ya kompyuta ya kaka yake, anapiga risasi, pa-pa-pa, na anacheka. Tumkataze? Kwetu hilo si swali dogo. Kuna jamaa zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare kwa sababu ya bunduki za kweli. Mama aliyelala porini na watoto wake hawezi kusikia mlio ule akatulia, hata ukiwa ni wa mashine.

Lakini michezo ya kupiga risasi si ya aina moja. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza mchezo unaoitwa Space Invaders. Maadui wanashuka kutoka juu kwa mistari, na mchezaji yuko chini na mzinga wake mdogo. Wakubwa wa kampuni hawakutaka mchezo wa kuua watu. Basi Nishikado akachora viumbe wa ajabu, walio mfano wa pweza na kaa wa baharini.

Baadaye kompyuta ndogo zikaingia katika nyumba za watu. Moja ni Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja tunayopiga leo kwa simu, kwa kawaida, haiwezi kuenea humo. Mara nyingi mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya kaseti, kama zile za muziki, na mtoto aliiweka akangoja dakika kadhaa mpaka mchezo uanze.

Kwa kompyuta za namna hiyo alifanya kazi kijana Mwingereza, Jeff Minter. Mwishoni mwa mwaka 1981 aliugua akalala karibu miezi 3. Wakati wa kupona alizidi kujitia katika kuandika programu, na mwaka 1982 akaanzisha kampuni ya Llamasoft. Mama yake, Hazel, alimsaidia kuendesha biashara. Wamama tulio katika likelemba tunaelewa maana yake: mtoto anatengeneza, mama anaangalia hesabu.

Minter anapenda wanyama: kondoo, ngamia, na llama, mnyama wa Amerika ya Kusini ambaye ni ndugu wa ngamia lakini hana nundu. Mwaka 1983 alitoa Attack of the Mutant Camels. Ngamia wakubwa kupita nyumba wanatembea polepole kuelekea ngome, na mchezaji anaongoza ndege ndogo. Anampiga ngamia mmoja mara nyingi sana kabla hajaanguka. Kisha Minter akageuza mambo: katika mchezo uliofuata, Revenge of the Mutant Camels, mchezaji mwenyewe ndiye ngamia. Mwaka 2024 michezo yake ya zamani ilikusanywa pamoja na historia ya maisha yake, kwa hiyo watoto wa leo bado wanaweza kuicheza.

Hapo tuone tofauti. Ngamia mrefu kama mti ni kichekesho, na mtoto anajua hivyo. Anajifunza kuangalia haraka, kushindwa, na kujaribu tena. Lakini kuna michezo mingine inayoonyesha barabara, nyumba, askari, damu, na mtu anayeanguka. Kwa mtoto aliyekimbia vita, hicho si kichekesho. Kinamrudisha kule alikotoka.

Kwa hiyo tunashauriana haya:

Keti karibu naye. Kabla ya kukataza au kuruhusu, muulize: «Unapiga nani? Amekukosea nini?» Jibu lake litakuonyesha mchezo ni wa namna gani.

Mwangalie usiku. Mtoto aliyeona vita akianza kushtuka, kuota ndoto mbaya au kukojoa kitandani, aache michezo yote ya bunduki, hata ile ya kuchekesha. Usimpige wala kumcheka. Zungumza na muuguzi wa kituo cha afya.

Pima saa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asipite saa 1 kwa siku. Mkubwa acheze akiisha kumaliza masomo na kazi ya nyumbani. Mtoto wa kiume naye achote maji, dada yake asifanye kazi peke yake.

Mpe karatasi na kalamu. Mwambie achore mchezo wake mwenyewe. Mbuzi wanaingia katika shamba la mpunga, mchezaji anawafukuza kabla hawajamaliza masuke. Au kiboko anatoka Lualaba, na mtumbwi unapaswa kumkwepa. Mtoto anayetunga anatumia akili kuliko anayebonyeza tu, na hahitaji umeme.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama aje na jina la mchezo mmoja anaoucheza mtoto wake, na aweze kutueleza nani anapigwa ndani yake. Mama asiyejua bado ana juma zima la kuketi na mtoto wake.

Tubaki na amani.