Msingoje Mpaka Damu Ipimwe

Enyi ndugu mnaoishi ukuta kwa ukuta na viwanda, neno langu la leo ni lenu kwanza, kisha ni la wale wanaotia sahihi vibali.

Owino Uhuru ni kitongoji cha Mombasa chenye watu wapatao elfu tatu. Mwaka 2007, ubavuni mwa nyumba zao, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ukawa unatua juu ya mabati, maji machafu yakipita katikati ya makazi, na wafanyakazi wakirudi kwa wake na watoto na vumbi nguoni. Phyllis Omido, mwajiriwa wa kiwanda hichohicho, alisimamia utayarishaji wa ripoti ya athari za mazingira, nayo ikaonyesha kwamba pale si mahali pa kazi ile. Hakusikizwa. Haukupita muda, mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama akaacha kazi, akaanza kusema hadharani, akakamatwa, akaendelea kusema. Kiwanda kilifungwa 2014.

Sumu hii yataka ieleweke vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa huiachilia ikamfikia aliye tumboni. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni huweza kufyonza mara nne au tano ya mtu mzima. Na ikishauharibu ubongo wake, hakuna hospitali itakayourudisha ulivyokuwa.

Sasa tazameni mwendo wa haki. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020, Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi akaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo wao usafishwe. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ambayo kazi yake ni kuwalinda watu hao, ikakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoirudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowasha tanuri alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka kumi na saba. Naishukuru mahakama, lakini hukumu iliyo njema kiasi hicho imekuja kuwakuta watu wamekwisha kudhurika.

Kwa hiyo nasema: mlango wa kuingilia si ule wa fidia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakwenda mbali zaidi: anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba mtu yeyote amekwisha kupata hasara au madhara. Someni tena hapo. Sheria haikuagiza mlete kwanza mtoto mgonjwa. Ni maofisa ndio wenye mazoea ya kumwagiza.

Wako watakaouliza, vijana watakula nini viwanda vikifukuzwa? Ni swali la haki, na mwenye njaa hajibiwi kwa dharau. Ila hakuna aliyesema betri zisiyeyushwe. Zitayeyushwa, maana risasi ni mali. Hoja ni wapi, kwa mitambo gani ya kuzuia moshi, na mapafu ya nani. Wangapi katika Owino Uhuru walikuwa na gari? Wenye magari walibadilisha betri, wakaenda zao, na moshi wake ukapelekwa kwa wasiokuwa na hati za ardhi wala mjumbe wa kuwasemea. Kisha husemwa kwamba maskini wamejitakia kwa kukaa karibu na viwanda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ni kweli. Lakini hapa kitongoji kilikuwapo, kiwanda ndicho kilichohamia.

Basi mkiona msingi unachimbwa na hamjui ni wa nini, ulizeni siku hiyohiyo. Sheria yataka ripoti ya athari itangazwe gazetini na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni, ingawa gazeti lenyewe huenda lisifike mtaani kwenu ila limefungia maandazi. Chagueni watu watatu au wanne, mmoja wao awe anayekiweza Kiingereza cha wanasheria. Wafike ofisi ya NEMA, wadai ripoti nzima, si muhtasari, na maoni yao wayaandike na kuyagongesha muhuri wa kupokelewa. Wakiambiwa warudi watakapokuwa na ushahidi wa ugonjwa, wakifungue kifungu cha 70 mezani pa ofisa huyo, wamsomee.