Ritifaa ya ng' ni Sehemu ya Herufi: Suala la Matini ya Kiswahili katika Kompyuta

Mtafiti wa majina ya mahali anayeanzia Igowole, wilayani Mufindi, hapati taabu kuliingiza jina hilo katika kompyuta. Taabu huanza afikapo Wanging'ombe, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa kabla ya Mkoa wa Njombe kuanzishwa mwaka 2012. Jina hili lina ritifaa, nayo ni alama ambayo programu nyingi hazielewi kazi yake katika Kiswahili.

Katika othografia ya Kiswahili Sanifu, ng' huwakilisha fonimu moja, yaani nazali ya kaakaa laini. Hapa ritifaa si alama ya uakifishi. Hata hivyo, kanuni inayotumiwa sana kutenga maneno hulikata neno kila inapokuta alama isiyo herufi. Kwa kanuni hiyo, ng'ombe hugawanyika kuwa "ng" na "ombe", na uliong'olewa huacha kipande "olewa". Matokeo yake ni kwamba muhogo uliong'olewa shambani huhesabiwa pamoja na mabibi harusi.

Tatizo la pili hutokea wakati wa kuingiza matini. Kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka, lakini programu nyingi za uandishi huigeuza kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Kwa macho ya msomaji tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili mbalimbali. Tofauti hiyo hubainika data zinapokaguliwa jinsi zilivyohifadhiwa. Programu ya Python, kwa utaratibu wake wa kawaida wa kuandika JSON, huiandika ritifaa iliyopinda kama \u2019, na iliyonyooka huiacha ilivyo. Muundo wa kuhifadhia data wa PHP, ambao hutaja urefu wa kila neno kwa baiti, huonyesha 12 kwa Wanging'ombe yenye ritifaa iliyonyooka na 14 kwa yenye iliyopinda, ikiwa matini imo katika UTF-8. Orodha yenye sura zote mbili huifanya wilaya moja kuwa mbili.

Wapo wanaoshauri ritifaa ifutwe kabisa ili kurahisisha kazi. Ushauri huo haufai, kwa kuwa ng'oa ikiondolewa ritifaa huwa ngoa, neno jingine lenye maana yake. Unicode nayo ina ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, yenye namba 02BC, lakini kibodi za kawaida hazina kitufe chake. Si haki kumtwika mzigo huo kila mchapaji.

Njia inayofaa ni programu kupokea sura zote za ritifaa, kuzigeuza kuwa moja kabla ya kuhifadhi, na kuitambua ng' kuwa kipashio kimoja wakati wa kutenga maneno. Aidha, mtafiti hana budi kulifungua faili lake na kulikagua kabla ya kutoa takwimu yoyote. Kazi hii isiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao, maana fundi asiyeijua fonolojia ya Kiswahili hataona kosa lolote katika "olewa". Idara za Kiswahili ziifundishe kama sehemu ya mbinu za utafiti. Kamusi zinazotungwa kwa kutegemea makongoo haziwezi kuwa sahihi kuliko matini zilizomo katika makongoo hayo.