Mshale Kuwa Katikati Hautoshi

Wasomaji wangu, ndege ikikosa njia yake wakati wa kutua, swali la kwanza mitaani huwa: "Kwani rubani alikuwa anafanya nini?" Sisi waandishi wa programu tungeanza na swali jingine: mitambo yake ilikuwa imeambiwa nini?

Jambo hili si la wenye nauli ya ndege peke yao. Uwanja wa Wilson ni jirani wa Kibera, na watu wa Kibera na Kawangware wamezoea kuona ndege ndogo zikipita juu ya mabati yao. Walio chini hawakukata tiketi, lakini hatari ni yao pia.

Kwanza tuelewe rubani anavyoitafuta njia akiwa ndani ya mawingu. Uwanja wa Jomo Kenyatta una mtambo wa redio uitwao ILS. Mtambo wa aina hii hutumia masafa kati ya 108 na 112 MHz, juu kidogo tu ya stesheni zetu za FM. Mawimbi yake hubeba milio miwili: wa hezi 90 una nguvu zaidi upande wa kushoto, wa hezi 150 upande wa kulia. Chombo ndani ya ndege huilinganisha, na ikilingana, mshale husimama katikati. Mtambo mwenzake hufanya vivyo hivyo kwa juu na chini, kwenye mteremko wa nyuzi 3 hivi.

Ugumu ni kwamba mawimbi hayo hutanuka kama mwanga wa tochi. Ukiwa mbali, mshale ukisogea kidogo umepotea mamia ya mita. Ukikaribia, kusogea kule kule ni makumi ya mita tu. Ongeza upepo wa ubavuni. Rubani akianza kuufukuza mshale, anapinda kushoto na kupitiliza, anarudi kulia na kupitiliza tena. Dawa yake ni marekebisho madogo, yafanywe mapema. Hilo marubani hufundishwa.

Tatizo ninalolitaka leo ni kubwa kuliko hilo. Mshale ukiwa katikati hausemi "uko salama". Unasema tu "unakubaliana na data uliyopewa". Je, data ikiwa mbovu?

Tuna mfano wa hapa hapa. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikija kutua Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, marubani wakaelewa 5,000, na namba hiyo ikawekwa kwenye mtambo. Uwanja wenyewe uko futi 5,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari! Yaani ndege iliagizwa kushuka chini ya ardhi, na mtambo ukakubali bila kuuliza. Ilifika takriban futi 70 kutoka ardhini kabla ya kuinuliwa. Mwanafunzi wa programu wa mwaka wa kwanza akiacha kisanduku kipokee namba kama hiyo, mwalimu atamkata alama.

Mfano wa pili ni wa Kathmandu, Nepal. Tarehe 4 Machi 2015, Airbus ya Turkish Airlines ilitua ikitumia njia ya setilaiti, ikatoka nje ya barabara ya kutulia. Watu wote 235 walipona. Uchunguzi ulikuta kwamba mahali pa mwanzo wa barabara, kama palivyoandikwa kwenye data ya ndege, palikuwa pamesogea mita 26 hivi kushoto. Siku mbili kabla, marubani wengine wa shirika hilo waliripoti kwamba vipimo vyote vilikuwa sahihi, lakini ndege yenyewe ilikuwa juu na kushoto. Ripoti ya hitilafu ilikuwepo, data ikabaki vile vile.

Kuna atakayesema rubani ana macho. Kweli, na marubani wale walilaumiwa kwa kuendelea kushuka bila kuiona barabara. Sheria iko wazi: ukifika kimo cha kuamua na huioni, paa tena. Lakini mfumo mzuri hauachi macho ya mtu mmoja kuwa kinga pekee.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoro na vifaa vya GPS wakachora ramani ya mtaa wao, ambao kwenye ramani za umma ulikuwa kama uwazi mtupu. Walitufundisha kwamba data hukaguliwa kwa kusimama mahali penyewe, si kwa kuitazama kwenye kioo.

Data ya safari za ndege hutolewa upya kwa mzunguko wa siku 28. Basi mamlaka zetu na mashirika ya ndege yaitendee kama programu: kila namba ipimwe na mtu wa pili, kila mlingoti na ghorofa jipya karibu na njia za kutulia liingizwe, na ripoti ya rubani ijibiwe kabla ya ndege inayofuata kupita hapo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mita 26 juu ya mtaa wenye watu wengi.

Wewe unaonaje?