Kazi ya shamba nayo iandikwe kwenye wasifu

KILA mavuno yanapomalizika katika uwanda wa juu wa Ufipa, steshenari za mjini Sumbawanga hupata wateja wa aina moja. Ni vijana waliohitimu vyuo, wenye vyeti ndani ya bahasha ya kaki, wanaotaka kuandikiwa wasifu wa kazi, au CV kama wengi wanavyouita. Mara nyingi mwenye kompyuta hufungua wasifu wa mtu mwingine alioutunza, akafuta jina na kuweka jipya, akabadilisha shule na tarehe ya kuzaliwa, kisha akachapa. Kijana hulipa na kuondoka na karatasi inayosema kuwa yeye ni mchapakazi, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na hupenda kusoma vitabu na kutazama mpira.

Karatasi ya namna hiyo haimtambulishi mtu yeyote. Mwajiri anayepokea maombi mia moja hukutana na mchapakazi huyo huyo mara mia moja. Penye uzoefu wa kazi pameachwa wazi, au pameandikwa kuwa hakuna. Hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu ni nadra kumpata kijana wa Laela, Matai au Namanyere aliyefikisha miaka 24 bila kufanya kazi yoyote. Amelima mahindi na maharage, amepima magunia kwenye mizani ya mfanyabiashara, amekaa duka la pembejeo la mjomba wake, au ameandika daftari la chama cha ushirika cha msingi. Wengine walisaidia kuandikisha wakulima wakati mpango wa mbolea ya ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/23.

Kazi hizo huachwa nje kwa sababu hazina barua ya ajira wala kitambulisho chenye picha. Lakini uchumi wa Rukwa umesimama juu ya nafaka. Wenye mashine za kukoboa na kusaga, wauza pembejeo, wasafirishaji, vyama vya kuweka na kukopa na miradi ya kilimo wote wanahitaji mtu anayejua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayafai kuhifadhiwa, na kwamba ujazo wa lumbesa humwibia mkulima. Kijana anayeyajua hayo kwa mikono yake ana kitu ambacho mwombaji aliyekulia mjini hana. Akikificha, anajinyima mwenyewe.

Namna ya kukiandika ni rahisi: ataje kazi, mahali, muda na kiasi. Mathalani, badala ya kusema alisaidia wazazi shambani, mwombaji aandike kuwa msimu wa 2023/24 alisimamia ekari tatu za mahindi, akatunza hesabu za mbegu, mbolea na vibarua, na kuuza magunia 45. Badala ya kusema alikaa dukani, aandike kuwa kwa miezi minane alipokea mzigo, akahesabu stoo kila Jumamosi na kufunga mauzo kila jioni. Kurasa mbili zinatosha, pamoja na majina ya wadhamini watatu wanaomfahamu na wanaopatikana kwa simu. Mwenyekiti wa ushirika aliyemwona akifanya kazi anafaa kuwa mmoja wao, kuliko mheshimiwa ambaye hata sura ya kijana haikumbuki.

Zipo pia taratibu ambazo hazina mjadala. Kwa kazi za serikali, maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na matangazo yake huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa yarekebishwe kisheria mapema, si wiki ya mwisho ya tangazo. Wengi wenye sifa huanguka hapo kabla hata ya kuonekana.

Usaili wenyewe unaanzia kwenye karatasi hiyo hiyo. Jopo huuliza juu ya kilichoandikwa, na aliyenakili wasifu wa mwenzake hana la kujibu. Kwa kijana wa Ufipa kuna ugumu mwingine pia. Amelelewa kuinama anapowasalimu wakubwa, na kutojisifu mbele yao. Akiulizwa kwa nini aajiriwe yeye, huangalia chini na kusema atashukuru akipewa nafasi. Waswahili husema chema chajiuza, lakini mbele ya jopo lenye dakika 15 kwa kila msailiwa, chema kisichosema hurudi nyumbani kama kilivyokuja.

Dawa si kumfundisha kijana majivuno. Adabu yake ni mtaji, na aingie nayo: asalimu, asubiri kukaribishwa kiti, azime simu. Kisha aseme alichofanya kwa takwimu. Kutaja magunia 45 si kujisifu, ni kutoa hesabu, na mzee yeyote wa Kifipa anaelewa tofauti hiyo. Akiulizwa tatizo alilowahi kulitatua, aeleze siku mvua ilipowakuta mahindi bado yako uwanjani na yeye akafanya nini. Akiulizwa asilolijua, aseme halijui. Akiulizwa mshahara, ataje kiwango alichokiulizia mapema kwa watu wa kazi ile, badala ya kusema chochote kitamfaa.

Wapo watakaokwenda upande wa pili na kutia chumvi. Hao wakumbuke mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wametumikia miaka mingi, na wakapoteza kila kitu. Ekari tatu za kweli zina thamani kuliko ekari 30 za kwenye karatasi, hasa pale msaili naye anapokuwa mkulima.

Wapo pia wanaodai kuwa yote haya ni bure, kazi hupatikana kwa kujuana. Malalamiko hayo yana chanzo, na uhaba wenyewe si wa kubuni. Mwaka 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 watu 135,027 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato Tanzania, sawa na waombaji wapatao 85 kwa kila nafasi. Hakuna wasifu unaoweza kuongeza nafasi hizo. Lakini penye ushindani wa namna hiyo, karatasi isiyosema kitu ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Na anayekosa ajira ya serikali bado atahitaji kujieleza kwa mwenye ghala, kwa mwenye mradi, au kwa kamati ya mikopo ya vijana ya halmashauri, ambako nako huulizwa alifanya nini na kwa hesabu gani.

Vyuo vya Rukwa vingefanya vema kutenga saa chache kabla ya mahafali ili kila mhitimu aandike wasifu wake kwa mkono wake, na kusailiwa na watu asiowafahamu. Waajiri nao waache kudai uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kupima magunia, kana kwamba uzoefu huanza siku ya kusaini mkataba. Na kijana anayekwenda steshenari apeleke maelezo yake mwenyewe kwenye daftari. Mwenye kompyuta abakiwe na kazi moja tu, kuyachapa.