Mtoto Mchanga Katika Meli ya Anasa



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, baada ya sala na kabla ya kusoma hesabu za chama, mama mmoja alitupitishia simu yake ili tutazame picha. Binti yake, anayeishi Ubelgiji pamoja na mume wake, alikuwa ameketi kwenye sitaha ya meli kubwa, nyuma yake bahari ya Mediterania, na magotini mwake mtoto wao wa kwanza, mwenye miezi saba. Meli yenyewe ilikuwa na orofa nyingi kuliko jengo lolote la mji wetu. Mama alituonyesha kwa furaha. Lakini simu ilipomaliza kuzunguka na kumrudia, furaha ilikuwa imegeuka mabishano, na hesabu za chama hazikusomwa siku ile.

Wa kwanza alisema kwamba mahali pa mtoto mchanga ni nyumbani, si katika hoteli inayoelea. Wa pili alisema kwamba fedha ya safari hiyo ingewalipia wanafunzi wetu kadhaa ada ya mwaka mzima. Wa tatu alisema kwa sauti ndogo neno lililotuchoma zaidi: «Na mtoto huyo hata hajabatizwa.» Mama aliweka simu yake mfukoni, akanyamaza. Tangu siku ile tumelitafakari jambo hili, nasi tunaona kwamba tulihukumu upesi kuliko tulivyofikiri. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na mtoto mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetajwa sana na kuangaliwa kidogo. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaodai kwamba watoto wadogo wasipandishwe kabisa katika meli za anasa. Sababu yao ni kwamba wao wamelipa ili wapate utulivu, na kilio cha mtoto kinawaharibia kitu walichokinunua. Yako makampuni yaliyokubali dai hilo: Viking na Virgin Voyages hayapokei abiria aliye chini ya miaka 18. Hatusemi kwamba mtu mzima anayetafuta kimya anatenda dhambi. Hata mtawa hutafuta kimya. Lakini tuwe macho na fikra inayojificha humo, yaani kwamba mtoto ni kelele, na kwamba furaha kamili ni ile isiyo na mtoto ndani yake. Fikra hiyo si ya Injili. Mitume walipotaka kuwafukuza watoto, Bwana aliwakemea mitume. Na mwezi wa Januari 2014, Baba Mtakatifu Fransisko alipowabatiza watoto katika kikanisa cha Sistina, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe bila woga watoto walioona njaa. Kama kilio cha mtoto kinaweza kusikika mbele ya altare, kinaweza kusikika pia kwenye meza ya chakula ya meli.

Kwetu tumejaliwa desturi njema katika jambo hili. Katika boti, katika gari, katika Misa, mtoto akilia, yuko mtu asiyemjua ambaye atanyosha mikono na kumpokea, ili mama apumue kidogo. Tusiipoteze desturi hiyo, na tusione haya kuipeleka kokote watoto wetu wanakokwenda.

Hata hivyo, kumtetea mtoto asifukuzwe si sawa na kusema kwamba kila mahali panamfaa. Makampuni mengi makubwa ya meli hizi hayampokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, au zenye siku nyingi mfululizo bila kufika bandarini, mara nyingi hudai miezi 12. Si ukatili. Daktari wa meli anaweza kutibu homa na jeraha, lakini meli si hospitali ya watoto, na mtoto mchanga akiharisha na kutapika hupungukiwa maji mwilini kwa muda mfupi sana. Mahali ambapo maelfu ya watu hula pamoja, hushika vitasa vilevile na kuvuta hewa ya vyumba vilevile, ugonjwa husafiri haraka. Mwezi wa Februari 2020, katika meli Diamond Princess iliyozuiwa huko Yokohama, watu zaidi ya 700 kati ya abiria na wafanyakazi wapatao 3.700 waliambukizwa korona. Tukumbuke pia kwamba mtoto wa miezi saba bado hajapata chanjo ya surua, ambayo katika nchi yetu hutolewa akifika miezi 9. Mzazi anayezijua hesabu hizi, akamwuliza daktari wake, akachagua safari fupi yenye bandari za karibu, huyo ametimiza wajibu wake. Mzazi ambaye hakuuliza lolote isipokuwa bei na rangi ya chumba, huyo tungemwonya, hata kama ni ndugu yetu.

Liko jambo jingine linalohitaji ukweli. Mtoto wa miezi saba haijui Barcelona wala Napoli. Anajua ziwa la mama, usingizi, sauti ya baba na harufu ya nguo anayobebewa. Miaka ikipita hatakumbuka chochote cha bahari ile. Basi safari haikuwa yake. Ilikuwa ya wazazi wake. Je, hilo ni kosa? Hatudhani. Kosa lingekuwa kudanganya: kusema «tulifanya kwa ajili ya mtoto», na kumbe mtoto alikuwa pambo la picha, akikatizwa usingizi wake ili avalishwe kofia ya nahodha na kutazama kamera. Lakini wazazi wakisema wazi, «sisi ndio tuliochoka, na hatukutaka kumwacha», tunalisikia neno la kweli, tena neno la upendo.

Nasi hatukulisikia, kwa sababu hatukuuliza. Ni mama wa binti huyo aliyetueleza baadaye, tulipokwenda kwake kumwomba radhi. Mkwewe hufanya kazi za zamu za usiku. Binti yake alirudi kazini mtoto akiwa bado mchanga sana, kama ilivyo kawaida kule, na mtoto hulelewa mchana na watu wanaolipwa. Juma lile la meli lilikuwa juma la kwanza ambapo watu watatu wa nyumba ile walikula pamoja asubuhi, mchana na jioni, bila mmoja wao kutazama saa. Tulikuwa tumeona orofa za meli, tukaacha kumwona baba aliyemshika mtoto wake mchana kweupe. Eklezya hutufundisha kwamba pumziko ni amri ya Mungu kabla ya kuwa starehe ya mwanadamu. Anayeweza kulipata pamoja na watoto wake, na alipate kwa shukrani.

Lakini shukrani ya Mkristu hutazama pia upande wa pili wa meza. Ni nani anayelaza shuka za kitanda kidogo cha mtoto, anayepasha maziwa moto, anayefagia makombo chini ya kiti chake? Katika meli hizi wafanyakazi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India. Wengi wao ni baba na mama wa watoto wadogo, walioachwa kwa nyanya zao kwa miezi mingi mfululizo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, unadai kwamba baharia apate haki ya kurudishwa kwao kabla ya kutimiza miezi 12 kazini. Tafakarini maana yake, wapendwa: mtoto aliyeachwa akiwa na miezi saba anaweza kumkuta mama yake akiwa tayari anatembea na kusema. Ndiyo fumbo chungu la meli ya anasa. Ili familia moja ikae pamoja juma moja, familia nyingine hukaa mbali miezi mingi. Hatusemi kwamba msafiri ndiye mwenye hatia, maana kazi hiyo ndiyo inayowalisha wale watoto. Tunasema awajue kwa majina, awasalimu, awashukuru, asiwaone kama sehemu ya vyombo vya meli. Eklezya iliwakumbuka zamani: utume wa baharini uitwao Stella Maris ulianzishwa Glasgow mwaka 1920, na Jumapili ya pili ya mwezi wa Julai hutengwa kwa kuwaombea mabaharia. Je, katika parokia zetu za kando ya ziwa, tumewahi kuwaombea siku hiyo?

Neno ziwa linatuleta nyumbani. Mama yule alitusimulia kwamba yeye pia alisafiri na binti huyohuyo juu ya maji, alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni. Walikuwa wakivuka Kivu usiku, katika boti ya mizigo, kati ya magunia na mbuzi. Upepo uliamka, akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akasali rozari mpaka kulipokucha. «Mimi sikuchagua boti,» alituambia. «Yeye amechagua. Kwa nini nisifurahi?»

Hatukuwa na jibu. Sote tunajua jinsi watoto wetu wanavyosafiri. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, mchana, watu wakiwa ufukoni wakitazama. Makumi ya watu walikufa. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wale waliokuwa ndani hawakuwa wakitafuta anasa. Walikuwa wakitafuta njia, kwa kuwa vita vilikuwa vimezifunga njia za nchi kavu. Kumbe mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ulioandikwa kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, leo unaziagiza meli za abiria za bahari kuu ziwe na jile za kuelea zilizoshonwa kwa kipimo cha watoto wachanga. Mtoto wa yule binti, katikati ya anasa yote ile, alikuwa na jile inayomtosha. Ni jambo dogo kabisa katika meli ile, nalo ndilo tunalopaswa kulionea wivu. Bwawa la kuogelea na taa hatuvihitaji. Tunachokihitaji ni ule uamuzi wa kuhesabu uhai wa kila mtoto kabla ya kung'oa nanga.

Limebaki neno la ubatizo, nalo ndilo zito. Tulimlaumu binti kwa kupata fedha ya meli na kukosa ya ubatizo. Lakini ubatizo hauuzwi, na kule Ubelgiji makanisa yapo, na mapadri wapo. Kwa nini mtoto alingoja? Mama alitueleza bila hasira: kwa sababu familia ya huku ilisema ni lazima abatizwe nyumbani, mbele ya wazee, kwa ng'ombe, kwa vitenge vya sare, kwa bia ya kuwatosha jamaa wote. Tiketi za ndege za watu watatu, pamoja na sherehe kama hiyo, ni mzigo wa miaka. Juma la meli lilikuwa rahisi mara nyingi kuliko karamu tuliyokuwa tunawadai. Hapo tulijitambua. Eklezya inawataka wazazi wawapeleke watoto ubatizoni katika majuma ya kwanza ya maisha yao. Sisi tuliweka karamu mbele ya kisima, kisha tukawahukumu kwa kuchelewa. Anasa iliyomzuia mtoto huyo asibatizwe haikuwa ya Mediterania. Ilikuwa ya kwetu.

Basi, tunashauri nini? Kwa watoto wetu walio ng'ambo na wenye uwezo: mkitaka kusafiri na mtoto, safirini, lakini mjiulize kwanza kama afya yake inaruhusu, kama mnakwenda kuwa naye au kumkabidhi kwa walezi wa meli toka asubuhi hadi usiku, kama fedha hiyo ni yenu au ni ya mkopo utakaowanyima amani, na kama mkirudi mtakuwa mmebakiza kitu kwa ajili ya maskini. Kwa wazee wa familia, nasi tumo: tuwaruhusu wajukuu wetu wabatizwe huko waliko, kwa maji, kwa imani na kwa chai kama chai ipo. Sherehe ya ukoo inaweza kungoja, neema isingojeshwe. Kwa wanachama wote: tusipande boti na mtoto asiye na jile, na tusiogope kumwambia mwenye boti, mbele ya abiria wote, kwamba imejaa.

Chama chetu kimekubaliana kuanza na hatua moja. Badala ya mchango wa karamu ya mwisho wa mwaka, tutanunua jile za watoto na kuziweka mikononi mwa akina mama wanaovuka ziwa kwa biashara, wazitumie kwa zamu. Hazitakuwa nyingi. Yule mama wa picha ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa, na mchango wa pili ulitoka Ubelgiji.

Bwana aliyelala ndani ya mashua wakati wa dhoruba awalinde watoto wote walio juu ya maji, wa meli kubwa na wa boti ya magunia, na atujalie sisi kutazama vema kabla ya kuhukumu.