Soko la Hisa na gunia la mpunga Kyela

Wadau, nimetembezwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Hakuna kelele za mnada pale, ni kompyuta tu. Mauzo yalianza Aprili 1998, kampuni ya kwanza TOL. Siku hizi zipo pia NMB na CRDB. Kilichonigusa ni hiki: muuzaji na mnunuzi wanaona bei ileile, hakuna wa kupigwa changa la macho.

Sasa njoo kwetu Kyela. Kakao angalau inapita mnadani kwa stakabadhi ghalani. Mpunga je? Lumbesa shambani, na bei mara nyingi anaijua mlanguzi peke yake.

Elimu ya hisa ije, sawa. Ila kwanza bei ya mpunga ibandikwe hadharani, Ipinda mpaka Matema. Mnasemaje?