Saa Nane ya Nani?

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho huko Newala. Mwaka mmoja alipata ujumbe wa simu kutoka hospitali moja ya upande wa Masasi kwamba bingwa wa macho angemwona siku ya Alhamisi, "saa 8:00". Ujumbe uliandikwa kwa Kiswahili, naye akausoma kwa Kiswahili: saa nane. Akateremka Masasi kwa basi la asubuhi, akapumzika kwa ndugu, akala ugali, na ilipofika saa saba na nusu alikuwa langoni. Bingwa alikuwa amekwisha kuondoka. Mashine iliyotuma ujumbe ule ilikusudia saa mbili asubuhi. Miezi ikapita kabla bingwa hajarudi, na jicho moja halikungoja.

Sisemi kwamba saa ndiyo iliyompofusha; ugonjwa ulikuwapo. Lakini vijana wa nyumbani walipomcheka, wakimwambia ajifunze saa ya Kizungu, mimi sikucheka. Nilijiuliza: kwa nini mzee wa miaka sabini ajirekebishe, na mashine isijirekebishe?

Saa yetu si ushamba. Imesimama juu ya jua. Kwetu, kusini kidogo ya nyuzi 10 chini ya Ikweta, jua huchomoza mwaka mzima karibu na saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja. Taarifa ya habari ya redio tumeisikiliza saa mbili usiku tangu utotoni, na hakuna aliyeiita ya saa ishirini. Waethiopia nao huhesabu kama sisi.

Saa ya mshale ilituvumilia. Mshale ukielekea nane, jicho lilivuka upande wa pili likaiona mbili. Kioo cha simu hakina upande wa pili. Kinaandika 8:00, basi.

Watengenezaji wa programu watasema kwamba machaguo mengi humchanganya mtumiaji. Kweli, yakiwa mengi bila mpango. Lakini simu hiyo hiyo tayari inaniuliza kama nataka saa 12 au saa 24. Zipo kompyuta zinazokubali kalenda ya Kiislamu, ya Kibudha, hata ya Ethiopia. Kumbe mlango upo. Ila sisi hatujafunguliwa.

Wala wasiseme kwamba hesabu zitavurugika. Ndani ya mashine nyingi wakati ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mashine haijui saa mbili wala saa nane. Hayo tuyaonayo kwenye kioo ni nguo tu, na kubadili nguo hakubadili mwili. Anayetaka 08:00 apewe 08:00; anayetaka saa 2:00 asubuhi apewe hiyo. Aulizwe mara moja, siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, kisha asisumbuliwe tena.

Na tarehe je? Msimu wa korosho mkulima akiona 10/11 kwenye karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, ni tarehe kumi mwezi wa kumi na moja, au ni Kimarekani, mwezi wa kumi tarehe kumi na moja? Kati ya hizo mbili pana mwezi mzima wa kungoja fedha, na ada ya shule haingoji. Andikeni "10 Novemba", ubishi uishe.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Nawapa heshima yao. Lakini kutafsiri maneno ni nusu ya safari. Ukiniandikia "saa" kwa Kiswahili na kunihesabia kwa Kiingereza, hujanitafsiria, umenitega.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Siombi ulimwengu ufuate jua la Newala. Naomba mjomba, akiishika simu aliyoinunua kwa korosho zake mwenyewe, aikute inamwambia saa kama anavyoambiwa na jirani yake. Na mpaka siku hiyo ifike, wewe unayetuma ujumbe, ongeza neno moja tu: asubuhi. Neno hilo halina gharama. Mjomba angelisoma hata kwa jicho lile bovu.